Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kutazama Michoro na Mpangilio wa Fremu katika Katuni za Leseni

Ukurasa huu ni wa msomaji anayependa katuni zilizotokana na filamu, midoli au mashujaa wa hadithi za zamani, na anayehisi kwamba huwa anamaliza kitabu haraka mno bila kukiona vizuri. Msimamo wangu nautaja mapema: leseni humfunga mchoraji kwenye sura na mavazi ya mhusika, lakini mpangilio wa ukurasa humwachia mwenyewe. Ukitaka kumjua mchoraji wa katuni ya aina hii, tazama fremu zake, yaani visanduku vya picha, kabla ya nyuso.

Katuni ya leseni ni ipi hasa?

Ni katuni ambayo wahusika wake ni mali ya mtu au kampuni moja, na kampuni nyingine imelipia ruhusa ya kuichapisha. Star Wars, hadithi ya vita vya angani, ni ya kampuni ya filamu ya Lucasfilm, lakini kuanzia 1977 hadi 1986 Marvel, kampuni ya katuni, ndiyo iliyotoa jarida lake la kila mwezi, matoleo 107. G.I. Joe ni midoli ya wanajeshi ya kampuni ya Hasbro. Godzilla, dubwana la sinema, ni wa kampuni ya filamu ya Toho ya Japani. Conan, shujaa wa upanga, alitoka kwenye hadithi alizoandika Robert E. Howard miaka ya 1930, akaingia Marvel mwaka 1970 kwa mkono wa Barry Smith, kijana Mwingereza aliyekuja kujulikana kama Barry Windsor-Smith.

Sisi tuliokulia kwenye Ndumilakuwili na Madenge wa jarida la Sani, au Juha Kalulu wa Taifa Leo, tumezoea mhusika aliyezaliwa kwenye karatasi. Mhusika wa leseni huja tayari ana sura yake, sauti yake, na mwenye mali anayekagua kila mchoro.

Si ni matangazo ya filamu na midoli tu? Kwa nini niyatazame kama sanaa?

Biashara ipo, wala hakuna anayeificha. Lakini msikilize habari ya Carl Barks.

Barks alichora hadithi za Donald Duck tangu mwanzoni mwa miaka ya 1940 hadi alipostaafu mwaka 1966. Bata ni wa Disney, mchapishaji ni Western Publishing, nembo ya jarida ni Dell, na jina lililochapishwa ni la Walt Disney peke yake. Jina la Barks halikuwekwa popote. Hata hivyo watoto wa Marekani walimtambua. Wachoraji wa bata walikuwa wengi, lakini wasomaji waliona kuna mmoja ambaye kurasa zake zina kitu zaidi, wakambatiza "mchoraji mzuri wa bata". Waliokua wakabaki na hamu ya kumjua, hadi mwaka 1960 hivi jina lake lilipowafikia mashabiki.

Walimtambuaje, ikiwa bata ni yuleyule? Kwa mkao wa mwili, kwa mandhari, na kwa jinsi fremu moja inavyoiandaa ile inayofuata. Kurasa zake nyingi zina fremu nane, safu nne za mbili mbili, mpango wa kawaida kabisa. Ndani ya mpango huo alijua lini aweke mhusika mdogo chini ya anga kubwa, na lini amsogeze hadi mdomo wake ukaribie kugusa mpaka wa fremu. Kwenye "Lost in the Andes" ya mwaka 1949, bata wanatafuta chanzo cha mayai ya mraba na kufika kwenye bonde lililofichwa na ukungu. Huko kila kitu kina pembe, mpaka nyumba. Ukiyatazama mabadiliko hayo ya maumbo, kutoka milima hadi ukungu hadi pembe, utaona jicho lako limeelezwa limefika ugenini kabla mhusika yeyote hajasema. Mtu huyohuyo ndiye aliyembuni Scrooge McDuck, bata tajiri na bahili, mwaka 1947, kwa ajili ya kampuni ambayo haikuandika jina lake kwenye jarida. Siwezi kuita kazi hiyo tangazo.

Nikifungua ukurasa, nianze kutazama nini?

Usisome kwanza. Tazama ukurasa mzima kwa sekunde chache, kama unavyotazama picha ukutani. Weusi mwingi uko wapi? Fremu kubwa kuliko zote ni ipi? Jicho lako limetua wapi bila kuamrishwa? Mahali hapo mchoraji alipachagua kwa makusudi.

Kisha fuata mwelekeo. Katuni za Marekani na Ulaya husomwa kutoka kushoto kwenda kulia, juu kwenda chini. Mhusika anayekimbia kuelekea kulia anakwenda na msomaji, na anayekimbia kuelekea kushoto anapambana naye. Bunduki, mkono, ngazi, hata mtazamo wa macho ya mhusika, vyote vinaweza kuchorwa vielekeze kwenye fremu inayofuata. Mchoraji hodari hahitaji mishale ya kukuonyesha njia, na mahali unapopotea hujui fremu ipi inafuata, mara nyingi kosa si lako.

Baada ya hapo ndipo usome maneno.

Umbo la fremu linabadilisha nini?

Muda, kwanza kabisa. Skrini ya sinema kwa kawaida ina upana uleule tangu filamu inaanza hadi inaisha. Fremu ya katuni hubadilika kila inapotakiwa. Fremu nyembamba zilizosimama zikipangwa bega kwa bega huharakisha pumzi, kila moja ni tukio la kufumba na kufumbua. Fremu pana inayokata ukurasa wote hutuliza, inafaa jangwa, bahari, au chumba ambacho watu wawili wamekaa mbali na hawataki kuzungumza. Fremu ndefu ya wima humwangusha mtu kuliko maneno yoyote ya kuanguka.

Halafu kuna uwazi ule mweupe kati ya fremu na fremu. Katika fremu ya kwanza ngumi imeinuliwa, katika ya pili mtu yuko chini. Pigo lenyewe halijachorwa, wewe ndiye uliyelipiga kichwani mwako. Kadiri mchoraji anavyokuamini, ndivyo anavyokuachia uwazi mkubwa zaidi wa kujaza.

Je, kuna toleo moja ninaloweza kulichunguza kwa karibu?

Lipo, na ningependa kila mpenzi wa katuni alishike mkononi: G.I. Joe namba 21, lenye tarehe ya Machi 1984, hadithi inayoitwa "Silent Interlude". Larry Hama aliiandika na kupanga kurasa zake mwenyewe, Steve Leialoha akaimalizia michoro. Ndani yake hakuna kiputo cha maneno hata kimoja, wala maelezo ya msimulizi, wala maandishi ya mlio.

Hadithi yenyewe ni nyepesi. Scarlett, mwanamke wa kikosi cha G.I. Joe, ametekwa na kupelekwa kwenye ngome ya maadui. Snake Eyes, komando anayevaa nyeusi kutoka utosini hadi unyayoni na asiyezungumza, anakwenda kumtoa. Hapa ndipo pa kuvutia: mhusika huyu alikuwa mweusi mtupu kwa sababu za kibiashara. Mdoli wake wa kwanza, wa mwaka 1982, ulitolewa kwa plastiki nyeusi bila kupakwa rangi ili kupunguza gharama. Hama alipokea mtu asiye na uso, akamgeuza kuwa mtu unayemsoma kwa mabega, magoti na namna anavyoinamisha kichwa.

Kwa kuwa hakuna maneno, kila fremu inabeba mzigo wa kueleza nani yuko wapi. Angalia hadithi inavyoruka kati ya Snake Eyes anayeingia ngomeni na Scarlett aliye ndani, ambaye kumbe hasubiri kuokolewa, anajitoa mwenyewe. Njia zao mbili zinakaribiana ukurasa kwa ukurasa, na wewe ndiye unayejua hivyo, wao hawajui. Angalia pia kwamba hupotei. Ukimaliza, rudi uhesabu mara ngapi Hama amekuonyesha jengo au chumba kizima kabla ya kukusogeza karibu na mkono au uso. Hiyo ndiyo adabu ya kumwelekeza msomaji.

Na mwisho wake, mkono wa Storm Shadow, ninja wa upande wa maadui, unaonekana na alama iliyochanjwa. Mkono wa Snake Eyes nao unaonekana na alama ileile. Picha mbili tu, na miaka mingi ya hadithi zilizofuata ilitoka hapo. Ingekuwa na maneno, pangehitajika mtu wa kupiga kelele "Kumbe!" na raha yote ingekuwa yake badala ya kuwa yako.

Mhusika hafanani na mwigizaji wa filamu. Mchoraji amekosea?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na nadhani ndilo linalowanyima watu raha kubwa zaidi.

Kuna sababu za kikazi. Mara nyingine mchapishaji amenunua haki ya jina na hadithi, lakini haki ya sura ya mwigizaji haimo kwenye mkataba. Mara nyingine mchoraji anafanya kazi filamu haijatoka. Toleo la kwanza la Star Wars la Marvel, lililoandikwa na Roy Thomas na kuchorwa na Howard Chaykin, lilifika madukani kabla ya filamu kuanza kuonyeshwa Mei 1977. Jabba the Hutt, mkuu wa majambazi, alipotakiwa kuonekana katika katuni hizo, hakuna aliyejua atakuja kuwa na umbo gani, hivyo akachorwa kiumbe cha miguu miwili chenye ndevu za pembeni ya mdomo. Umbo lake la konokono mkubwa dunia iliona kwenye filamu mwaka 1983. Ukisoma toleo la zamani leo usicheke. Unaona watu wakichora gizani, na wanachora kwa ujasiri.

Sababu nyingine ni ya kisanaa. Carmine Infantino, aliyeshika Star Wars kuanzia toleo la 11, hakujali sana kufananisha. Watu wake wana pembe pembe, wanasimama wamepinda kama wako tayari kuruka, na vyombo vyake vya angani vimerefushwa. Mashabiki wengi walimlalamikia. Mimi namtetea, kwa sababu kurasa zake zinakimbia. Fremu zake pana zenye vitu vikubwa mbele kabisa na watu wadogo kwa mbali zina kasi ambayo picha iliyonakiliwa kutoka kwenye filamu haiwezi kuwa nayo.

Ukitaka anayejua kufananisha na bado akapanga ukurasa kwa heshima, tafuta Al Williamson katika matoleo ya 39 hadi 44, mwaka 1980, akisaidiwa na Carlos Garzon. Nyuso za waigizaji zinatambulika mara moja, lakini hazikugandishwa. Na kuna historia tamu hapo. Kijana Williamson alikuwa mpenzi mkubwa wa Alex Raymond, mwanzilishi wa Flash Gordon, katuni ya shujaa wa angani ya mwaka 1934, na miaka ya 1960 akaja kumchora Flash Gordon yeye mwenyewe. George Lucas naye alitaka kutengeneza filamu ya Flash Gordon, akakosa haki, ndipo akabuni Star Wars. Kwa hiyo Williamson alipokabidhiwa kazi hiyo, mkondo ulikuwa umerudi kwenye chemchemi yake. Unaiona kwenye brashi: mistari myembamba inayonenepa inapopita kwenye kivuli, na weusi mzito unaoachwa bila kuguswa.

Kwangu mimi kufanana kupita kiasi ni kasoro kubwa zaidi ya kutofanana. Kuna katuni za siku hizi ambazo kila uso umefuatishwa kwenye picha ya filamu, na msomaji anabaki anatambua ni picha ipi badala ya kujua mhusika anahisi nini.

Ukurasa wa kwanza una majina mengi. Nani amefanya nini?

Katika mfumo wa Marekani kazi hugawanywa: mwandishi, mchora penseli, mtia wino, mtia rangi, mwandika herufi, mhariri. Mpangilio wa fremu kwa kawaida ni wa mchora penseli, ingawa waandishi wengine, kama Hama, huupanga wenyewe.

Usimdharau mtia wino, anayepita juu ya mistari ya penseli. Conan akichorwa penseli na John Buscema ana umbo lilelile imara, lakini mpe Alfredo Alcala wa Ufilipino atie wino kwenye The Savage Sword of Conan, jarida la rangi nyeusi na nyeupe lililoanza 1974, na kila ukuta, jani na msuli unajaa mistari midogo kama mkeka uliosukwa kwa subira. Mpe mtia wino mwingine penseli hizohizo, unapata hewa na wepesi. Linganisha matoleo mawili ya aina hiyo na utajifunza kuhusu wino kuliko nitakavyokueleza hapa.

Rangi za katuni za zamani zimefifia na kuvuja. Nizipuuze?

Hapana. Zilichapwa kwa wino za rangi chache kwenye karatasi ya gazeti, na mtia rangi alikuwa na michanganyiko 64 hivi ya kuchagua. Ndiyo maana utaona umati mzima umepakwa bluu moja, au chumba kizima chekundu. Hakuwa mvivu, alikuwa anakuambia nani ni muhimu kwenye fremu.

Kuwa mwangalifu na chapa mpya za vitabu hivyo. Rangi ileile ya zamani ikiwekwa kwenye karatasi nyeupe ya kung'aa huwa kali mno na kuumiza macho, ilhali aliyeichagua alijua karatasi itaifyonza.

Maandishi na milio ni sehemu ya mchoro?

Ni sehemu kamili. Viputo vina mahali pake, na mahali hapo huongoza jicho sawasawa na mikono na macho ya wahusika. Tazama kazi ya mwandika herufi John Workman kwenye Alien: The Illustrated Story, katuni ya filamu ya Alien ya mwaka 1979, iliyoandikwa na Archie Goodwin na kuchorwa na Walter Simonson.

Aliyefika mbali zaidi kwa milio, kwa maoni yangu, ni James Stokoe katika Godzilla: The Half-Century War, iliyoanza kutoka mwaka 2012 kwa matoleo matano. Stokoe aliandika na kuchora mwenyewe. Ngurumo ya Godzilla kwake si maandishi yaliyobandikwa juu ya picha. Herufi zimechorwa kwa wino uleule uliochora magamba, zinatoka kinywani, zinapita nyuma ya majengo, zinapinda na moshi. Kila toleo liko mahali pengine na mwaka mwingine, na la tatu liko Ghana mwaka 1975. Toho wanamlinda dubwana wao kwa makini, na Stokoe hakumbadilisha umbo. Alichofanya ni kubadilisha umbali: fremu moja askari anajaza ukurasa, inayofuata yeye ni nukta chini ya unyayo.

Nasoma kwenye simu. Napoteza nini?

Unapoteza ukurasa. Programu nyingi za kusomea zina njia ya kuonyesha fremu moja moja, na ni rahisi kwa macho kwenye kioo kidogo. Lakini fremu zote zikijaza kioo, kubwa na ndogo zinakuwa sawa, na ile kazi yote ya umbo na muda niliyoieleza juu inafutika. Vilevile kitakachokuja huwezi kukiona kwa pembeni, wakati mchoraji huenda alitaka ukione kwa pembeni na uogope.

Fanya hivi: tazama ukurasa mzima kwanza, hata kama maneno hayasomeki, kisha vuta karibu usome, kisha rudi nje tena kabla ya kuendelea. Ukiweza kupata tableti au kompyuta, laza kurasa mbili pamoja, maana kuna picha zinazovuka mkunjo wa katikati. Na kila unapofungua jozi mpya ya kurasa, angalia fremu ya kwanza kushoto juu. Wachoraji hupenda kuweka mshtuko hapo, nyuma ya karatasi inayofunuliwa. Katika majarida ya zamani matangazo yaliyochomekwa katikati yalivuruga mpango huo, kwa hiyo usishangae ukikuta mshtuko mahali pasipoeleweka.

Kwa nini vitabu vingine vizuri havipatikani?

Leseni zikiisha, vitabu hutoweka. Star Wars ilitoka Marvel, ikaenda kwa mchapishaji Dark Horse mwaka 1991, ikarudi Marvel 2015. Conan amezunguka vilevile na tangu 2023 yuko kwa mchapishaji Titan. Mfano wa kuuma zaidi ni Micronauts ya mwaka 1979, iliyotokana na midoli. Michael Golden alichora matoleo yake ya mwanzo kwa ustadi uliowafunza wachoraji wengi waliomfuata, lakini Marvel walipopoteza haki, kurasa hizo zilikaa miongo kadhaa bila kuchapishwa upya ipasavyo, hadi mwaka 2024. Ukikutana na nakala ya zamani kwenye meza ya vitabu vya mitumba, ifungue kabla hujaipita.

Nina pesa ya kitabu kimoja tu. Nichukue kipi?

Kama unapenda kucheka, Barks. Hadithi zake zimekusanywa katika vitabu vyenye chapa nzuri, na mtoto wa darasa la nne atavifurahia pamoja nawe.

Kama unataka kujifunza fremu peke yake, chukua kitabu chochote cha mkusanyiko wa G.I. Joe chenye toleo la 21 ndani. Halihitaji Kiingereza. Mpe mtu ambaye hajawahi kusoma katuni, muombe akusimulie kinachotokea kwa Kiswahili huku akifunua, na uangalie kidole chake kinapopita.

Kama una mkono wa kuchora na unataka kupambana na kitu kigumu, chukua Stokoe. Weka karatasi tupu pembeni, chagua ukurasa mmoja, na unakili mistari ya fremu tu, maboksi matupu bila wahusika. Fanya hivyo kwa kurasa tano mfululizo kabla ya kugusa sura ya dubwana.